Anayekaa Nyuma Hana Breki

Kwenye baiskeli ya watu wawili kazi hazigawanywi sawa. Wa mbele ana usukani, gia, breki, kengele na, kwa upande wetu, macho. Wa nyuma ana pedeli zake na vipini vilivyofungwa kwenye nguzo ya kiti cha mwenzake, visivyogeuka huku wala kule. Vimewekwa ili apate pa kushika tu. Hata miguu yake si yake sana. Cheni ya upande wa kushoto imeunganisha pedeli za mbele na za nyuma, hivyo wa mbele akizungusha, naye anazungushwa. Wa mbele akiacha, naye ameacha, apende asipende.

Mimi ndiye wa nyuma. Sioni tangu utotoni. Anayekaa mbele yangu ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, kijana mwenye mapaja ya mpanda milima na ulimi usiopumzika. Baiskeli yenyewe tuliachiwa na mtu na mkewe, Wajerumani, waliokuwa wakijitolea huku kwetu. Waliipanda miaka yote waliyokaa, na walipoondoka wakasema ni heri ibaki na watu wanaoihitaji.

Watu hudhani mtu asiyeona akikaa nyuma anakuwa mzigo tu. Sivyo. Njia naisoma kwa nyayo. Kona inapokaribia mpwa wangu hupunguza nguvu kabla hajafungua mdomo, na mimi nalijua hilo kupitia cheni. Mlima unapoanza, pedeli zinakuwa nzito kwangu wakati uleule zinapokuwa nzito kwake. Lakini mashimo siyajui mpaka ayataje, na ndiyo maana tuna maneno yetu: "shimo", "gia", "tuta", "tunasimama". Maneno machache, tena mafupi, kwa sababu kwenye mteremko hakuna nafasi ya hotuba.

Na mteremko tunao. Tunakaa Lushoto. Anayeijua barabara ya kushuka Mombo hahitaji kuhadithiwa: kilomita 33 hivi, kona juu ya kona, Soni na maporomoko yake njiani, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Unaondoka na sweta kwenye baridi ya karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, unatokea kwenye joto la Mombo, zaidi ya mita 900 chini, ukiwa umelivua.

Mwalimu mwenzangu anayefundisha fizikia alinipigia hesabu siku moja tukinywa chai. Mimi, mpwa wangu, baiskeli na mizigo yetu tunakaribia kilo 170. Ukiushusha uzito huo mita 900, nishati inayotakiwa kuishia mahali fulani inatosha kuchemsha zaidi ya lita 4 za maji ya bomba, tena maji ya Lushoto ambayo yanatoka yakiwa baridi. Sehemu yake huliwa na upepo. Ukishuka kwa adabu, upepo hauli kingi, na kinachobaki kinaingia kwenye breki na rimu. Rimu ikipata moto kupita kiasi, tairi linaweza kupasuka mteremkoni. Wanaotengeneza baiskeli hizi wanalijua hilo, na ndiyo maana baadhi hupewa breki ya tatu. Ya kwetu imo ndani ya habu ya nyuma, ya mfano wa ile ya pikipiki, ambayo kazi yake si kusimamisha baiskeli bali kuizuia isipate kasi. Wakati huo mkono wake ulikuwa mbele, pamoja na mikono mingine yote ya breki.

Nayaeleza haya ili msomaji aelewe ni kwa nini nilishikilia msimamo juu ya kitu ambacho watu wengi hawajawahi kukifikiria: foku, yaani ule uma wa mbele unaoshika gurudumu.

Foku yetu ilipinda likizo. Baiskeli ilikuwa inasafirishwa juu ya lori la kabichi, kamba ikalegea, ikaja chini kwa pua. Tukaipeleka kwa fundi wetu mwenye kibanda karibu na stendi. Fundi huyu namheshimu, na alichofanya kwanza kiliniongezea heshima. Kabla hajasema neno juu ya foku, alipitisha ukucha wa kidole gumba chini ya bomba la chini la fremu, pale linapoungana na bomba la usukani, akitafuta mkunjo kwenye rangi. Baiskeli ikijigonga kwa mbele, fremu mara nyingi hujikunja hapo, na mkunjo mdogo jicho linaweza kuupita lakini ukucha unakwama. Akaniuliza, "Mwalimu, unataka kupapasa na wewe?" Nikapapasa. Palikuwa laini, rangi imetulia. Fremu ilikuwa salama.

Foku haikuwa salama. Fundi alisema anaweza kuipasha moto, ainyooshe, na mtu asijue kama iliwahi kupinda. Hapo ndipo penyewe, nikamwambia: sitaki foku ambayo mtu hawezi kujua kama iliwahi kupinda. Foku nzuri ya chuma hutengenezwa kwa bomba jembamba la chuma kilichochanganywa na kromu na molibdeni. Ikishapinda kisha ikanyooshwa, tena kwa moto, hakuna wa kukuambia imebakiwa na nguvu kiasi gani. Na foku haina tabia ya kuaga. Tairi likiishiwa upepo linakuonya, cheni ikichoka inaruka, breki ikilika inalia. Foku inaweza kukatika bila kutoa sauti yoyote kabla, na mtu akajikuta amelala barabarani na meno mkononi.

Mpwa wangu akaja na suluhisho siku iliyofuata. Alikuwa ameipata foku ya baiskeli ya milimani, ya shokapu, kutoka kwenye baiskeli ya mtumba. Fundi akaijaribu. Bomba likapenya, gurudumu likakaa, usukani ukageuka kushoto na kulia bila kugoma. "Imeingia," akasema fundi, na mpwa wangu akapiga makofi. Akanieleza jinsi ambavyo sasa mashimo tutayasikia kwa mbali tu, kama habari za nchi jirani.

Kuingia iliingia kweli, na sababu yake ni rahisi. Bomba la usukani la milimita 28.6 limekuwa kipimo cha kawaida kwenye baiskeli za milimani tangu miaka ya 1990, na yetu ni ya kipimo hichohicho. Lakini kipenyo kinasema tu kwamba kitu kitapita kwenye tundu. Nikamwomba fundi apime urefu, kutoka katikati ya ekseli mpaka pale ringi ya beringi inapokaa. Foku ya zamani: milimita 405. Ya shokapu, ikiwa haijabonyea: milimita 470.

Milimita 65 si kitu ukiwa unapima kitambaa. Kwenye baiskeli, ukiiinua pua hivyo, bomba la usukani linalala nyuma, gurudumu linasogea mbele na usukani unabadilika tabia. Baiskeli ya mtu mmoja ingelala kwa digrii 3 na nusu hivi. Yetu ni ndefu, kutoka ekseli hadi ekseli ni karibu mita 1 na sentimita 75, kwa hiyo kiinuo hichohicho kinaleta digrii 2 na kidogo. Urefu wetu ulikuwa unatuhurumia. Hata hivyo digrii 2 zinatosha kuufanya usukani uwe mzito na wa kuangukaangukia upande mnapopanda mlima taratibu, na kupanda taratibu ndiyo nusu ya maisha ya mwendesha baiskeli wa Lushoto. Kisha ukishika breki kwa nguvu shokapu inabonyea, pua inazama, na tabia ya usukani inabadilika tena katikati ya kona.

Haya yote mtu angeweza kuyazoea. Nisingeyafanyia ugomvi. Kilichonizuia ni uzito, na hapa kuna jambo ambalo hata fundi alilisikiliza mara mbili.

Mtu akiwa peke yake kwenye baiskeli, breki ya mbele ina mpaka wake wa asili: ukiibana kupita kiasi gurudumu la nyuma linanyanyuka na unarushwa juu ya usukani. Kwa hiyo foku ya mtu mmoja haipati kuonja nguvu zaidi ya ile inayompindua mwenye baiskeli. Kwenye baiskeli ya watu wawili hakuna kupinduka. Mimi niliye nyuma, pamoja na urefu wa fremu, tunaishikilia chini. Breki ya mbele inaweza kubanwa kwenye lami kavu mpaka tairi lenyewe lishindwe kushika barabara, na nguvu yote hiyo inapita kwenye foku, ikiisukuma nyuma. Mwenzangu wa fizikia alikadiria kwamba inafika zaidi ya mara mbili ya ile ya baiskeli ya mtu mmoja. Yaani mimi ninayeizuia baiskeli isipinduke ndiye ninayeiongezea foku mzigo ambao haikutengenezewa. Watengenezaji wengi wa shokapu wanaandika wazi kwenye kijitabu chao kwamba foku hizo si za baiskeli ya watu wawili. Mpwa wangu alitafuta kwenye simu, akasoma, akanyamaza kidogo. Kwake hilo ni tukio.

Kisha akasema: "Mjomba, lakini mimi ndiye niliye mbele. Likitokea la kutokea, linanipata mimi kwanza."

Nikamwambia, "Na la pili linampata nani?"

Nilimpenda kwa maneno yale, maana aliyasema kwa moyo safi. Kijana aliyekuwa tayari kuumia kabla yangu. Lakini nimeyafikiria sana tangu siku ile, na nadhani ndani yake kuna kosa linalofanywa na watu wema wengi. Tunadhani kwamba mtu akikubali kuumia mwenyewe, basi amepata haki ya kuwaingiza wengine kwenye hatari hiyohiyo. Baba anachukua mkopo kwa nyumba ya familia bila kumshirikisha mkewe, akisema deni ni langu, nitalilipa mimi. Nahodha anaingia baharini kwenye upepo mbaya kwa kuwa yeye haogopi kufa. Wahenga walilimaliza hili zamani: mchuma janga hula na wa kwao. Ushujaa wa mtu ni mali yake. Maisha ya aliyekaa nyuma yake si mali yake.

Mpwa wangu hakukubali upesi, na alikuwa na hoja. "Ukiogopa kila kitu, Mjomba, hutatoka nyumbani." Ni kweli. Na mtu asiyeona huambiwa maneno ya kinyume chake tangu anapozaliwa: usiende, utaanguka, kaa hapa, tutakuletea. Nimepigana na maneno hayo maisha yangu yote na sikuwa tayari kuyasema mimi. Kushuka Mombo kwa baiskeli ni hatari hata foku ikiwa ya dhahabu, na hatari hiyo naikubali kila tunapoondoka, kwa sababu naijua na nimeulizwa. Foku ya shokapu ilikuwa hatari ya namna nyingine. Ningeambiwa tu "imeingia", tungepanda, na nisingejua nimekalia nini.

Kila asiyeona anayetembea mjini ana kisa cha kuvushwa barabara. Umesimama unamsubiri mtu. Anatokea msamaria, anakukamata mkono wa juu, anakuvuta, mnavuka, anakuachia ng'ambo akisema Mungu akubariki, na anakwenda zake akiwa na furaha. Wewe umebaki ng'ambo usikotaka kwenda, unatafuta namna ya kurudi. Hajakufanyia ubaya. Amesahau kuuliza tu. Njia sahihi ya kumwongoza asiyeona ni rahisi mno: unampa kiwiko chako, yeye ndiye anayekishika, nawe unatangulia nusu hatua. Akitaka kuachia anaachia. Katika njia zote mbili mmoja anaongoza na mwingine anafuata, macho ni yaleyale mawili. Lakini katika moja umebebwa kama gunia na katika nyingine unatembea.

Nilipokuwa kijana nilidhani kumwamini mtu ni kunyamaza. Anayekuongoza umwache aongoze; ukiuliza utaonekana una mashaka naye. Siku hizi namwamini zaidi anayevumilia maswali yangu. Foku ina urefu gani? Imetoka wapi? Nani amesema inabeba watu wawili, na ameandika wapi? Mtu akikasirika kwa maswali kama hayo, ujue usukani ameupenda kuliko aliowabeba. Panda basi la kwenda kwetu siku dereva ameamua kushindana na mwenzake kwenye zile kona. Mama mmoja nyuma atapaza sauti, "Dereva, tunaomba upunguze!" Kondakta atajibu kwa kebehi, abiria wengine watacheka, na wengine watatazama dirishani. Lakini kila mmoja ndani ya basi lile anashukuru kimoyomoyo kwamba yupo aliyesema. Mama yule hajui kuendesha basi. Hahitaji kujua.

Jambo la ajabu ni kwamba waliotangulia walikuwa wameufikiria mpango huu kuliko sisi. Miaka ya 1890, huko Uingereza na kwingineko, zilikuwepo baiskeli za watu wawili ambazo mwanamke alikaa mbele kwa heshima, na mwanamume nyuma, lakini usukani wa nyuma uliungwa na wa mbele kwa fimbo ya chuma. Wa nyuma aliweza kuongoza. Ni miaka hiyohiyo, 1892, Harry Dacre alipotunga wimbo wa Daisy Bell, wa kijana asiye na uwezo wa kununua gari la farasi ambaye anamwahidi mchumba wake kiti kwenye baiskeli ya watu wawili. Katika wimbo ule binti anaombwa jibu la ndoa. Mimi ningeuliza kwanza juu ya breki.

Kwa sisi tusioona baiskeli hii imekuwa mlango. Wako wanaoshindana nayo mpaka kwenye Paralimpiki, mwenye macho mbele na asiyeona nyuma. Hapa jirani, Kenya, yuko Douglas Sidialo, aliyepoteza macho kwenye mlipuko wa bomu la Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, siku ileile Dar es Salaam nayo ilipolipuliwa. Baadaye alisafiri kwa baiskeli ya watu wawili kutoka Cairo mpaka Cape Town, na Mlima Kilimanjaro aliupanda kwa miguu. Nikisikia habari zake huwa siwazi sana juu ya miguu yake, ingawa inastahili sifa. Nawaza yale maelfu ya kilomita mgongo wa mtu mwingine ukiwa mbele yake, na idadi ya mara ambazo mmoja alimwambia mwenzake "shimo".

Turudi kibandani. Tulikataa ya shokapu. Ikaletwa nyingine, ya kisasa zaidi, yenye breki ya diski, na nusura tukubali. Lakini gurudumu letu hufungwa kwa ule wenzo wa kubana kwa mkono, na mpango huo una historia. Mwaka 2003 mwanasayansi Mwingereza, James Annan, alieleza hadharani tatizo ambalo wengi hawakuwa wameliona: kifaa cha kubana diski kikiwa nyuma ya mguu wa foku, kila ukishika breki ekseli inasukumwa chini, kuelekea kwenye mdomo wa tundu, na gurudumu linaweza kutaka kutoka. Foku nyingi za siku hizi zina ekseli nene inayopenya kwenye matundu yaliyofungwa pande zote, na tatizo limekwisha. Ile tuliyoletewa ilikuwa na midomo wazi kwa chini. Tukaiacha.

Ikabidi tusubiri. Tuliwaandikia wale rafiki zetu Ujerumani, na mgeni aliyekuwa anakuja akabeba kwenye sanduku lake foku ya baiskeli ya milimani, ya chuma, isiyo na shokapu, mpya, ambayo mtengenezaji wake ameandika kwamba inaruhusiwa kwa baiskeli ya watu wawili. Urefu wake milimita 420. Pua ingeinuka milimita 15, sawa na nusu digrii, na hilo fundi alisema hata yeye asingelihisi. Kusubiri kulichosha. Nilikuwa natembea kwenda kazini, dada yangu akinitania kwamba namdai mwanaye foku kama mahari.

Kuifunga ndiko nilikokufurahia kuliko yote, kwa sababu ni kazi ya masikio. Ringi ya chini ya beringi lazima ikae chini kabisa kwenye kitako chake, bila nafasi hata ya unywele. Ikibaki imeinama, beringi zitalika na usukani utalegea. Karakana kubwa zina kifaa chake. Fundi wetu ana kipande cha bomba la maji kinacholingana na ringi ile, na nyundo. Akaliteremsha bomba juu ya ringi, akagonga taratibu huku akiizungusha foku. Sauti ilikuwa tupu, ya bati, tap, tap, ringi ikishuka kidogo kidogo. Kisha ghafla ikawa nzito na fupi, kama umegonga jiwe. Fundi na mimi tulisema "hapo" kwa pamoja. Mpwa wangu anadai hakusikia tofauti yoyote.

Akakata bomba la juu la foku baada ya kupima, na alipima tena kabla hajakata, kwani lililokatwa fupi halirudi. Akafunga usukani, akashika breki ya mbele na kuitikisa baiskeli mbele na nyuma, kidole chake kikiwa kwenye maungio ya beringi, kusikiliza kama kuna mchezo. Hatukushuka Mombo siku ile. Tulizunguka mjini kwanza kwenye tambarare, tukabana breki kwa nguvu barabarani pakiwa patupu, tukarudi, akakaza bolti upya. Foku mpya na bolti mpya hukaa vizuri zaidi baada ya kutumika kidogo, na asiyerudi kukaza anaacha kazi njiani.

Wakati fundi anakusanya spana zake nikamwomba jambo moja zaidi: auhamishe mkono wa breki ya tatu, ile ya ndani ya habu ya nyuma, auweke kwenye kipini changu. Akaona ni mzaha. Nikamweleza kwamba wengi wenye baiskeli hizi nchi za nje hufanya hivyo, na ina mantiki: wa mbele ana kona, mashimo na magari ya kuyatazama, na mikono yake imejaa breki mbili tayari. Breki ya kuzuia kasi haihitaji macho. Inahitaji mkono uliotulia na sikio linalosikia upepo umeongezeka. Akabadilisha waya mrefu kwa mfupi, akaufunga mkono pale kidole changu kinapofika bila kuutafuta.

Mpwa wangu ndiye aliyekuwa na wasiwasi sasa. "Mjomba, ukishika bila kuniambia?" Nikamjibu kwamba hilo ni swali zuri, na kwamba hivyo ndivyo nilivyokaa muda wote kabla. Tukakubaliana maneno mawili mapya, "vuta" na "legeza". Mimi pia naruhusiwa kuyasema, siyo yeye tu. Naweza kusema "navuta" nikisikia upepo masikioni umekuwa mkali kuliko ninavyopenda, na yeye hajibu kitu, anaendelea na kona zake.

Tumeshashuka na kupanda mara nyingi tangu wakati ule. Aliniambia juzi tukiwa Soni tunakunywa soda kwamba zamani kwenye mteremko mabega yalikuwa yanamuuma, na sasa hayamuumi, na hajui kama ni foku au ni ile breki niliyoishika mimi. Nilimwambia asitafute sana.

Foku ya shokapu hakuirudisha. Ameifunga kwenye baiskeli yake ndogo anayoipanda kwenda Magamba Jumamosi. Ameniambia niipapase, nikaipapasa, nikabonyeza ikashuka na kupanda kwa ulaini. Ni foku nzuri sana ya mtu mmoja.